Sakafu ya Pantoni ya Mtongwe

Fundi Nassor aliikubali kazi ya pantoni kuukuu ya Bwana Shekue kwa sababu moja tu: kulipiza kisasi. Mwaka uliopita, 1960, mdogo wake Jaffar alikuwa akivusha watu kwa pantoni hiyo pale Mtongwe, sakafu ikamfungukia, akazama. Shekue akatangaza msikitini kwamba marehemu alikuwa amelewa. Tangu hapo mama yao, kwa aibu, hakuthubutu kutia mguu hata harusini.

Nassor aling'oa viti vilivyooza, kisha sakafu. Chini ya ubao mpya ambao Shekue alifunikia pale Jaffar alipozama, akakuta mbao za zamani zimelainika kama mkate uliorowa, zimefichwa. Akaweka mmoja kando. Alipigilia sakafu ya mvule, akatengeneza viti imara.

Siku ya kuizindua, wazee wa msikitini wakiwa wameketi ndani, Nassor aliutua ubao mmoja mbovu mapajani mwa Shekue, juu ya kanzu nyeupe.

"Haya, waambie. Na huu ulilewa nini?"

Wazee wakashuka mmoja mmoja, wakashika njia kwenda kumtaka radhi mamake Jaffar. Nassor alibaki akimtazama Shekue anavyopangusa uozo kwenye kanzu, wala hakumwonea huruma hata chembe.