Ansbert Ameingia Makundi Yote

Evelyn alijuta kumweleza shangazi yake alichosomea chuoni. Lilikuwa swali dogo tu la mezani, siku ya Pasaka, naye akajibu kwa moyo mweupe: madaktari wa akili huyapanga matatizo ya haiba katika makundi matatu. La kwanza ni watu wa kujitenga na kushuku wenzao. La pili, wenye hisia za kulipuka na kutaka kutazamwa. La tatu, wenye hofu nyingi, pamoja na wale wasiotulia mpaka kila kitu kikae kwenye mstari.

Sasa shangazi Candida alikuwa amemketisha kwenye stuli ndani ya duka lake la mapazia, Kariakoo, wakichungulia duka la Ansbert ng'ambo ya mtaa. Ansbert alikuwa ameleta posa kwa Angela, binti wa Candida, na jibu lilitakiwa jioni hiyo hiyo.

"Umeona? Kakunja lile shuka tena. Kundi la tatu!"

"Shangazi, anauza mashuka."

"Na yule mteja hajasalimiwa. La kwanza!"

"Yuko kwenye simu."

"Ndiyo acheke hivyo, mtaa mzima usikie? La pili hilo, usinibishie."

Evelyn, ambaye kwa kawaida huzungumza kama anaomba radhi, safari hii akapaza sauti. "Shangazi, mtu wa watu ameingia makundi yote hata chai hajanywa! Na siku hizi madaktari wengi hawaanzi na kundi. Wanauliza kwanza, tabia hiyo imemuumiza kiasi gani yeye na walio karibu naye, tena kwa miaka? Hawachungulii kwenye pazia."

"Basi waitwe hao walio karibu naye."

Angela, aliyekuwa akipanga mapazia nyuma yao tangu asubuhi, akalitupa moja mezani.

"Kwani mimi niko mbali? Anakera, mama. Anakunja hata taulo lililolowa. Lakini nikinuna haniadhibu, na akikosa anasema amekosa. Siku zote hizi mimi hukuniuliza."

Candida akachukua simu, akampigia mshenga. "Njooni jioni, baba. Tunawapokea."

Evelyn akashusha pumzi, akabeba mkoba wake.

"Ila huyu mshenga wao," shangazi akanong'ona, akimvuta mkono, "mbona hamtazami mtu machoni? Kaa kidogo, mwanangu, umwangalie akija."