Kando ya Kimemi Hapakuwa Mtu

Emérence alimpandisha mjukuu wake juu ya meza, pamoja na unga, chumvi na viatu vya kanisani, kisha akainama kuchota maji kwa sufuria na kuyatupa nje. Yakarudi. Tangu Papa Josaphat ajenge ukuta wa mawe kwenye kiwanja cha jirani, mto Kimemi haukuwa tena na mahali pa kunyoosha miguu. Kila mvua iliponyesha, uliinyoosha kwake.

"Kitendawili," alisema, ili mtoto asilie.

"Leta, Tate," Jemima alimjibu bibi yake.

"Anapita mbele ya nyumba yako kila siku, hapana kusalimia."

Akafikiri. "Kimemi!"

"Njo yeye. Leo amesalimia mpaka chini ya kitanda."

Yeye na bwana wake Paulin walifika bondeni hapo wakati ni matete na vyura, na hakuna mtu wa Butembo aliyetaka kulala pale. Walichimba mifereji. Walipanda mikaratusi ikanywa maji. Tope lililobaki walilifyatua matofali, na nusu ya nyumba za mtaa ule zilitoka kwenye tanuru yao. Halafu vita vikaja, Paulin akafa barabara ya Mbau na mizigo yake ya maharagwe. Halafu tena wafanyabiashara waliorudi kutoka Dubai na makontena wakagundua kwamba mto ni kitu kizuri. Waasi walioshika mji waliwalinda, nao wakawalisha waasi. Nyumba za udongo ziliondoka moja moja, za ghorofa zikaota.

Yake ilibaki. Ndiyo maana mwanajeshi alikuja kumwita, miguu ingali na tope.

Katika bureau ya mtaa, chef Maliro, mkuu wa mtaa, alikuwa amekaa, Josaphat naye amekaa, katika koti lake la ngozi. Hakuna aliyemwonyesha Emérence kiti.

"Mama, juu ya nini unasumbua mwenye udongo wako?"

"Mwenye udongo wangu ni nani, Chef?"

Chef alimwonyesha Josaphat kwa kidevu.

"Huyu alinikuta hapa. Alinunua kwa jirani, kwangu hapana."

"Donc, ile mbuzi ulimupelekea ilikuwa ya nini?"

"Ya aksanti. Mutoto alikuwa anakufa na malaria, akamubeba na jeep yake mpaka hospitali. Ningekaa tu kimya, kama mutu bila wazazi?"

"Mbuzi ya aksanti inafika imechinjwa, na pombe ya kasiksi pembeni. Yako ilifika namna gani?"

"Inatembea."

"Ulishika kamba?"

"Nilishika."

"Akapokea kamba kwa mukono?"

"Kwa mukono."

"Mbele ya batu?"

"Mbele ya batu. Sikuwa naiba."

Chef aliegemea nyuma kama mtu aliyeshiba. Mnande yeyote anajua: mbuzi mzima, kamba ikitoka mkono mmoja kuingia mwingine, ni mbuzi ya udongo, ya kuomba ardhi ya kukaa. Anayeitoa anasema, niko kwako. Anayeipokea anasema, kaa mpaka nitakapokuambia toka. Emérence alijua hayo tangu utoto. Siku ile aliona mtoto amefungua macho, basi, akasahau mengine yote.

"Mais, Chef, kwangu hakuna mwanaume. Mwanamuke hapana chinja mbuzi. Ningefanya nini?"

"Ungeita jirani."

"Jirani gani? Si bote bamefukuzwa?"

Mwanajeshi wa mlangoni alihamisha bunduki begani. Josaphat ndipo aliposema, kwa sauti ya upole, kama anamfariji mfiwa.

"Mama, mie sina ubaya na wewe. Mbuzi yako niliipokea na heshima. Desturi ni ya babu zetu. Mie ni nani niikatae?"

"Wanasema unapenda vitendawili," chef alidakia. "Tegua hiki: alienda na mbuzi kwa kamba, akarudi kamba iko mu shingo yake. Ni nani?"

Mwanajeshi alicheka mpaka akakohoa. Emérence alifungua kinywa aseme, mwanajeshi akamshika mkono, akamwamuru kwa Kilingala aache kelele, atoke nje.

"Mama, tika makelele. Yaka libanda."

Nyumba ilibomolewa asubuhi moja tu. Josaphat alimhurumia, watu walisema hivyo, akampa kazi ya kufua mashuka ya hoteli yake, na stoo ya kuni alale na mtoto.

Barza ya hoteli, pale iliposimama nyumba ya Emérence, ilifunguliwa Jumapili moja ya kiangazi. Wageni walikuja hata kutoka Beni, makomanda na wake zao, wakala samaki wa Vitshumbi wa kuchoma chini ya taa nyekundu na kijani. Josaphat alishika mikro.

"Hapa zamani hapakuwa mutu! Matete na vyura tu! Mie njo nilikausha."

Wakapiga makofi. Kisha mgeni mmoja mwenye kamera akauliza kama hapa mtoni hakuna hata kitu kidogo cha kienyeji.

"Mama Emérence!" Josaphat aliita kutoka juu. "Hebu fua kidogo, wageni bakamate picha."

"Nimemaliza, Papa. Zimekauka."

"Rudisha moja mu maji."

Alianua shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, akashuka nalo mtoni mpaka maji yakamfika magotini, akalizamisha. Alilipiga juu ya jiwe, safi kama lilivyokuwa.

"Piga tena," sauti ilisema kutoka juu. "Na ucheke kidogo, Mama. Angalia huku."