Shikamoo Ndani ya Miwani

Hamza alikuwa mfalme wa kibanda cha gemu cha Abubakari, pale juu ya soko la Lushoto, na mwenyewe alijua. Gemu lililopendwa kuliko yote lilikuwa la lile jiji kubwa unamozurura upendavyo: unaiba gari, unagonga watu, unawakimbia polisi. Vijana waliteremka hata kutoka Mtae kuja kufungwa naye, wakarudi kwao kimya.

Ndipo Kristian akapanda kutoka Dar es Salaam. Alizaliwa Rangwi, milimani humuhumu, lakini sasa aliajiriwa na kampuni iliyotaka gemu lile lichezwe kwa miwani: ukiivaa, jiji linakuzunguka pande zote kana kwamba umesimama ndani yake. Kampuni ilitafuta mtu wa kulijaribu, kwa ajira ya kudumu. Hamza, aliyelima karoti za baba yake na kuichukia kila karoti, alikuwa ameshahamia Dar moyoni.

"Mwoneshe huyu," Abubakari akamwambia. "Asidhani sisi wa milimani tunaogopa televisheni."

Kristian akamvika miwani, akamshikisha vishikio viwili. "Hatua ni ileile unayoijua. Mzee wa mkokoteni ana funguo za gari. Mwangushe, chukua, ondoka."

Hatua ile Hamza alizoea kuimaliza huku anatafuna chipsi. Ila kwenye televisheni mzee alikuwa mdogo kama kidole. Sasa alisimama mbele yake, kimo cha mtu, kola imechakaa, mashavu yamebonyea, akimtazama usoni.

Mkono wa Hamza ukapanda wenyewe kuvua kofia, ukagonga miwani. Akainama. "Shikamoo, mzee."

Kibanda kikalipuka kwa kicheko.

"Jamani, anaamkia gemu!" Sefania, rafiki yake, akapiga kelele. "Muulize na mahindi kama yameota!"

Mzee hakuitikia. Hamza alihisi uso unawaka. Tangu azaliwe hakuwahi kumpita mtu wa umri ule bila salamu, na hakuna aliyewahi kumnyima marahaba.

"Mpige basi!" Kristian akasema. "Au nirudi Dar niwaambie nini?"

Akapiga. Kishikio kikatetemeka kiganjani, kama mfupa umegusana na mfupa. Mzee akaanguka chali, mguu mmoja ukachezacheza. Hamza akainama kuchukua funguo na kuukuta uso ule karibu na wake, mdomo wazi. Akaing'oa miwani, akakimbilia mlangoni, akatapika.

"Usijali, wengi hutapika," Kristian akamfuata na chupa ya maji. "Picha inakwenda haraka, mwili umesimama. Tutapunguza mwendo."

"Siyo mwendo."

"Ni nini?"

"Ni kwamba linafaa. Gemu lenu linafaa kabisa kwenye miwani, ni kama nimempiga mtu kweli, ndiyo maana linanuka."

Kristian hakukasirika. Aliinua kidole, macho yakimng'aa. "Lakini ile shikamoo! Hiyo hatukuwa nayo. Sikiliza: unamwamkia, mzee anaitikia, anakupa mkono. Mkono ukishanyooka, mbavu ziko wazi. Hapo unamchoma. Wachezaji watachanganyikiwa! Ndugu yangu, kazi umeipata."

Hamza alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyejisaidia kisimani.

"Mama yako yuko hai?" akauliza.

"Yuko Rangwi. Kwa nini?"

"Nenda kaijaribu kwake kwanza. Kazi yako sitaki. Na wazo hilo usiseme limetoka kwangu."

"Utarudi kwenye karoti?"

"Karoti haina macho."

Ndani, Sefania alikuwa ameshavaa miwani. Aliinama kwa madaha, akaimba "Shikaamoo, babu!" na kurusha ngumi, na kibanda kizima kikashangilia, Abubakari mwenyewe akipiga makofi.

Hamza akashuka kuelekea sokoni. Kwenye kona alikutana na mzee Paskali, jirani yao, amebeba tenga la kabichi begani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akatua tenga, akafuta kiganja kwenye suruali, akanyoosha mkono.

Hamza aliuona mkono, kisha, bila kutaka, akaziona mbavu. Mikono yake mwenyewe akaificha mgongoni.

"Vipi?" mzee Paskali akauliza, mkono ungali hewani. "Leo unaninyima mkono?"

"Si safi, babu," Hamza akasema. Akainama, akalibeba tenga, akatangulia mbele ili mzee asiuone uso wake.