Alhamisi Nne za Margasira

Kuntala alirudi kwao mwishoni mwa mwezi wa Kartika na sanduku moja la bati, baada ya mumewe kule Kataka kuleta mwanamke mwingine ndani na kumwambia awapikie wote wawili. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na hakuwa na mtoto. Mdogo wake, Dibakar, alimpokea sanduku. Mke wa Dibakar, Pramodini, aliuliza tu atakaa siku ngapi.

"Sijahesabu," Kuntala akajibu.

Ikaingia Margasira, mwezi ambao kila Alhamisi Mama Lakshmi, mungu wa neema, hupita akiangalia nyumba zilizo safi. Alhamisi ya kwanza Kuntala aliamka kabla ya kunguru. Alipaka ua samadi ya ng'ombe kuutakasa, akasaga mchele, akakuna nazi nne, kisha kwa uji wa mchele akachora nyayo ndogo nyeupe za Lakshmi kutoka mlangoni hadi kwenye pishi iliyojazwa mpunga mpya. Alipomaliza, mgongo ulikataa kunyooka. Pramodini akaoga, akavaa sari mpya, akakaa mbele ya pishi, akasoma kisa cha Lakshmi, akapiga vigelegele. Kisha akagawa manda, zile keki ndogo za unga wa mchele zenye nazi na sukari guru ndani. Alimpa mumewe, watoto wawili, na mama mkwe wake, Bibi Nishamani, mama mzazi wa Kuntala. Alipofika kwa Kuntala akafunika sinia.

"Usinielewe vibaya, wifi. Chakula cha Alhamisi hizi hakitoki nje ya ukoo. Wewe ni wa ukoo wa mumeo."

"Na mchele nimesaga kwa ukoo gani?"

Pramodini akamgeukia mama mkwe. "Mama, nimekosea?"

Bibi Nishamani akainamia sahani yake. Miaka yote Kuntala alipokuja kutembea mwezi huo, yeye mwenyewe ndiye aliyemnyima, na Kuntala alikuwa akicheka tu, maana alikuwa na kwake pa kwenda kula. Safari hii hakucheka.

Wiki nzima Kuntala na wifi yake hawakusemeshana. Pramodini aliufungia mtungi wa chumvi kabatini. Kule bwawani aliwaambia wanawake kwamba mume hamfukuzi mke bila sababu, na maneno hayo yakamfikia Kuntala kabla nguo hazijakauka.

Alhamisi ya pili hakugusa jiwe la kusagia. Alisubiri wifi yake akae mbele ya pishi, akawasha kuni katikati ya ua na kuchoma samaki wakavu. Siku hiyo hata paka wa mtaa ule hali samaki. Harufu iliingia hadi mbele ya Lakshmi. Pramodini alitoka na ndoo ya maji akaumwagia moto, na nusu ya maji ikamwagikia Kuntala miguuni.

Dibakar hakuwahi kumpandishia dada yake sauti. Siku hiyo alimpandishia. Alimwambia kama hawezi kuiheshimu Alhamisi ya nyumba hii, basi nauli ya Kataka ataitoa yeye.

Kuntala aliwaokota samaki wake kwenye majivu mmoja mmoja. Kesho yake akaenda kwa mjumbe wa kata.

Shamba la marehemu baba yao halikuwahi kugawanywa. Hati bado ilikuwa na jina lake. Mjumbe alipowaita wote, Pramodini alisema mwanamke aliyeolewa hana cha kudai kwao. Mjumbe, ambaye dada zake walishamdai yeye fungu lao la urithi, alimjibu kwa uchovu kwamba sheria ilibadilika siku nyingi, binti naye hurithi.

"Dada, unataka kunivunjia nyumba?" Dibakar aliuliza.

"Kwenye manda mimi mgeni, nimekubali," Kuntala akasema. "Kwenye hati ya shamba si mgeni."

Walibishana mpaka Alhamisi ya tatu ikapita bila mtu kuisherehekea vizuri. Mwishowe Dibakar alitia saini kumwachia kipande cha shamba kilicho karibu na mfereji, magunia manne ya mpunga wa msimu ule, na ile stoo ya zamani yenye mlango wa uchochoroni.

Alhamisi ya nne Kuntala alikuwa na pishi yake, aliyoinunua sokoni, na meko yake. Alichora nyayo kutoka uchochoroni hadi mlangoni kwake. Zilikuwa bado mbichi Pramodini alipotokea na ufagio akazifagia. Wanawake waliokuwa wakipita walisimama kama waliopigwa. Ufagio juu ya miguu ya Lakshmi, siku ya Lakshmi. Hata Pramodini mwenyewe aliutazama ule ufagio mkononi kana kwamba kapewa na mtu mwingine, lakini hakuomba radhi. Akarudi ndani.

Kuntala akachovya vidole, akachora upya.

Manda zilipoiva, Bibi Nishamani alitoka na sari yake nyeupe, akishika ukuta. Pramodini alimwita kutoka barazani.

"Mama, ukila kule, huku huli tena. Umesikia?"

"Masikio ninayo."

Aliingia stoo, akakaa sakafuni, akanyoosha mkono. Kuntala akamwekea manda mbili kwenye jani la mgomba. Bibi alitafuna taratibu, na Kuntala akimtazama mdomo.

"Ngumu," akasema. "Unga hujauivisha vizuri." Akamaliza zote mbili.

Alipotoka, alikuta godoro lake, sahani yake ya shaba na dawa zake za presha vimepangwa uchochoroni. Dibakar alikuwa amesimama mlangoni kwake na mtoto wake mdogo, akitazama upande wa bwawa. Kuntala alibeba godoro. Sahani bibi aliibeba mwenyewe, na alipompita mwanawe hakumtazama.

Mwezi uliofuata Dibakar alileta fundi, akajenga ukuta katikati ya ua. Pramodini alisimamia kila tofali. Jioni bibi huwasikia wajukuu wakisoma upande wa pili, naye huacha kila kitu hadi wanyamaze. Kuntala amemwambia mara nyingi aende tu akawaone, na bibi hujibu kwamba mlango lilipotolewa godoro lake hauingii tena.