Krimu ya Kupenyeza

Mtaani walimwita Mama Penyeza, na jina alilipenda. Wachanganya krimu wengine, alisema, wanapaka tu; ngozi ni bishi, usipoibembeleza haikufungulii mlango. Yeye alimwogesha mteja maji ya moto mpaka ngozi ilainike, akampaka mwili ukiwa bado na unyevu, kisha akamfunga nailoni ili joto lisukume dawa ndani. Kizuri chajiuza: wateja walitoka weupe, kesho wakaja na mashoga zao.

Tangazo lake kubwa lilikuwa bintiye. Watu waliamini yule kazaliwa mweupe, na binti mwenyewe aliamini hivyo, maana kopo la "mafuta ya mwili" lilikuwa bafuni tangu hajajua kusoma. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema. Huyu mzazi aliuandaa kwa mikono yake akidhani anamtengenezea mwanawe bahati.

Binti akakua, akajifungua kwa upasuaji, na mshono ukagoma kufunga. Madaktari wakashona upya, uzi ukaikata ngozi kama karatasi iliyolowa. Muuguzi akamuuliza anapaka nini, naye akajibu bila wasiwasi kwamba ni mafuta ya kawaida tu, ya mama. Muuguzi akamgeukia Mama Penyeza, aliyeketi kando ya kitanda. Akaeleza, bila ukali, kwamba kuna dawa zikipenya miaka mingi huila ngozi ikawa nyembamba, kidonda kikakataa kupona, na daktari hawezi kutibu asichokijua.

Mama Penyeza alitamani kunyamaza. Huko nje alikuwa na jina, na humu ndani alikuwa na mtoto mmoja tu, anayetetemeka kwa homa. Akataja kila alichochanganya, kimoja kimoja, na kwamba alianza kumpaka binti akiwa bado anatambaa. Muuguzi akatoka kumwita daktari.

Binti alikodolea macho dari.

"Kwa hiyo rangi yangu ilikuwaje?" akauliza.

Mama hakuwa na picha ya kumwonyesha; za utotoni alizichoma zote. Akanyoosha kidole kwa kichanga kilicholala ubavuni mwa mama yake, cheusi, ngozi ikimeremeta.

Binti akamtazama mwanawe, akamgusa shavu.

"Sasa mama," akasema, "hapa uliona kasoro gani?"