Konokono wa Kuume, Konokono wa Kuke

Maabarani chuoni, Evelina alisoma maandishi ya Mzee Obadia, aliyekuwa akimwokotea konokono kijijini, kwa mara ya tatu, damu ikamchemka. Juu ya furushi moja mzee aliandika KUUME, na juu ya jingine KUKE. Wiki tatu amemweleza kwamba hawa konokono kila mmoja ana viungo vya dume na jike mwilini mwake, na bado mzee amewatenga kama waumini kanisani! Tena hata kuandika kiume na kike kumemshinda.

Hakuwa na muda wa michezo. Alikuwa ameokota karibu na Chemba ganda moja tupu, dogo kama punje ya hindi, lililojiviringisha kushoto badala ya kulia. Msimamizi wake chuoni, Dakta Thobias, alikataa kuliita aina ya peke yake. Huenda ni kilema tu, alisema. Alete kumi walio hai, awapasue, aoneshe kwamba viungo vyao vya uzazi havifanani na vya wale wa kulia. La sivyo tasnifu inaanza upya. Na mvua zilikuwa zinakatika. Zikishakatika, konokono hujifukia mpaka Desemba.

Basi akamwandikia mzee ujumbe, bila hata shikamoo: "Nimechoka na utani. Hao wa kiume na wa kike siwataki, watupe wote."

Mchana, kwa shingo upande, alifungua mafurushi. La kuume lilikuwa na konokono arobaini, wote midomo ya maganda yao iko kulia. La kuke lilikuwa na maganda mawili matupu. Midomo ilikuwa kushoto. Chini yake palikuwa na karatasi: "Hawa wamekufa. Walio hai, kumi na mmoja, ninao kwenye ndoo. Nitawaleta Jumatano."

Alipiga simu papo hapo.

"Shikamoo, mzee. Kuume ni nini?"

"Marahaba. Ni mkono wa kulia, mwanangu. Na kuke ni kushoto." Mzee Obadia alikuwa katekista kwa miaka thelathini, na sauti ya darasani haikuwa imemtoka. "Kwenye Nasadiki mnasema 'ameketi kuume kwa Mungu Baba' kila Jumapili. Mlidhani ni nini?"

Evelina aliimba kwaya kanisani Mkonze tangu yuko darasa la tano. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nisamehe, mzee. Nimekosa adabu. Na wale wa kwenye ndoo?"

"Si ulisema niwatupe wote? Niliwamwaga uani."

"Tafadhali nenda ukawaokote!"

"Nikaokote nini? Kuku wamewamaliza, na maganda wameyadonoa. Nilidhani umeshapata wengine."

Evelina alitamani kumgombeza mtu. Maabarani alikuwa peke yake.