Kitufe cha Kusemea

Barua ya Minas kwa mkewe ilikuwa fupi, maana mwanamume huyu hata mapenzi aliyapima kwa kijiko. Meli aliyofanyia kazi ingepita mbele ya Kasos, kisiwa chao cha Ugiriki, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, ikielekea Misri. Nahodha alitaka jibu: asaini mkataba wa miezi kumi mingine, au ashukie Port Said arudi nyumbani. "Nitakuita kwenye redio ya mashua. Ukisema nirudi, narudi. Ukinyamaza, nitajua umeshazoea."

Umeshazoea! Sevasti aliisoma mpaka karatasi ikalainika mikunjoni. Miaka kumi na moja ya ndoa, na siku walizolala kitanda kimoja hazikufika miaka miwili. Alimtamani kiasi kwamba jioni nyingine aliandaa sahani mbili mezani, kisha akaona haya peke yake.

Alhamisi saa tatu alikuwa ndani ya mashua yao, iliyofungwa gatini, iking'aa kwa rangi mpya. Kisiwani kwao mashua hupakwa rangi kabla ya Pasaka, na mke ambaye mumewe yuko baharini hupaka mwenyewe, asije akasemwa. Sevasti alikuwa amepaka nje, ndani, na hata shimo la injini ambalo hakuna anayelichungulia.

Aliwasha redio. Sauti za wavuvi zikaja safi. Alipobonyeza kitufe cha kusemea ajaribu, taa yake ikafifia, redio ikazima.

"Mjomba!" aliita. "Redio inakufa!"

Mjomba wake Nikitas, fundi umeme wa meli aliyestaafu, alikuwa juu ya gati na kahawa yake. Goti bovu lilimzuia kushuka, lakini mdomo ulikuwa mzima.

"Inasikia ila haisemi? Basi ina nafuu kuliko mumeo. Yule hasikii wala hasemi."

"Mjomba, sina muda wa mizaha yako!"

"Haya, haya. Betri?"

"Nimechaji jana kutwa."

"Fyuzi?"

"Nzima."

"Chukua ile balbu ya nyaya mbili. Gusisha kwenye betri." Balbu ikawaka vizuri. "Sasa waya mmoja uache kwenye chanya, wa pili gusa ile boliti zinapokutana nyaya nyeusi."

Balbu ikatoa wekundu hafifu tu.

"Hapo ndipo penye ugonjwa. Umefanya nini hapo?"

"Nilizifungua, nikapaka rangi, nikazirudisha."

"Umefunga nyaya juu ya rangi? Mwanangu, umeme haujali urembo!"

"Nilitaka akute pazuri."

Mzee akashusha sauti. "Kusikiliza kunataka umeme kidogo, hata mikwaruzo inatosha. Kusema kunataka mwingi. Fungua, ukwangue mpaka chuma kitoke."

Sevasti alikuwa ameshaweka spana kwenye nati redio iliposema.

"Sevasti, Sevasti, ni Minas. Unanisikia? Ova."

Miezi tisa hakuwa ameisikia sauti hiyo. Ilikuwa na mafua kidogo. Akaiacha spana, akasogeza sikio.

"Fungua!" mjomba akapiga kelele.

"Nikifungua inazima! Anaongea!"

"Ukikaa kumsikiliza hutamjibu! Fungua!"

"Sevasti, kama upo, mimi naona mlima wetu, naona hata—"

Alizungusha spana, na sauti ikakatika. Hakuna kitu kilichowahi kumuuma kama ukimya ule alioutengeneza kwa mkono wake mwenyewe. Akakwangua kwa kisu, rangi ya buluu ikimwingia kwenye kucha, machozi yakimzuia kuona vizuri. Akarudisha nyaya, akakaza nati kwa nguvu zote, akawasha.

"...basi nimeelewa," Minas alikuwa anasema. "Sikulaumu. Naenda kwa nahodha. Ova."

Akabonyeza. Taa haikufifia.

"Minas! Rudi nyumbani! Sijazoea, unanisikia? Siku hata moja sijazoea! Ova!"

Redio ikanguruma tu. Juu ya gati mjomba alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kahawa imemwagika. Sevasti akaita tena, na tena. Huko nje meli ilikuwa imeanza kuipita rasi ya mwisho.

"Sevasti." Sauti ilikuja ndogo. "Sema tena."

"Hukunisikia?"

"Nilikusikia tangu mara ya kwanza. Wewe sema tu tena."